Gmail ya ofisi, ikipimwa kwa kipimo cha masjala

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa, ofisi yetu ya utalii hapa Arusha, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, imekuwa ikifanya mawasiliano yake yote ya kikazi kwa Gmail ya kulipia, ile ambayo Google huyauzia makampuni pamoja na kalenda, hifadhi ya mafaili na programu nyingine, na ambayo anwani zake hubeba jina la kampuni. Tuko watu kumi na wawili: wanane wako Arusha, wakiwamo madereva watatu, na wanne wako kwenye stoo yetu ya Moshi, panapotunzwa mahema, mitungi ya gesi na vyakula vya safari za mlimani. Tuliinunua kwa sababu moja tu. Tulikuwa tunapoteza wageni na fedha kwa barua pepe zilizosomwa vibaya, na zaidi kwa zile zilizosomwa vizuri na watu watano bila hata mmoja wao kuzifanyia kazi. Majirani wawili wenye ofisi kama yetu wameniuliza kama wainunue nao. Jibu ninalowapa ni kwamba chombo hiki ni kizuri, lakini hakijui kazi ni ya nani mpaka umfundishe kila anayekitumia, na mafunzo hayo hayamo kwenye bei.

Ni haki msomaji ajue ninapimia nini. Kabla ya kuingia kwenye utalii nilifanya kazi miaka tisa katika masjala ya ofisi moja ya serikali, kwanza nikiwa karani na baadaye msimamizi. Waliopita huko wanaujua utaratibu wake: barua ikiingia hugongwa mhuri wa tarehe ya kupokelewa, huandikwa kwenye rejista, hupewa namba ya folio, hufungwa ndani ya jalada lenye namba yake ya kumbukumbu, na jalada zima, si barua peke yake, hupelekwa kwa ofisa. Ofisa huandika dokezo akimtaja kwa cheo mtu anayetakiwa kushughulikia, na karani huandika jalada limekwenda kwa nani. Jambo likiwa la kusubiri, pembeni huandikwa B.U. na tarehe, maana yake jalada liletwe tena mezani siku hiyo. Likiwa limekwisha huandikwa P.A., na jalada hurudi kabatini. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole kiasi cha kuchosha na sitamani kurudi kwake, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo barua pepe haikuzaliwa nayo: wakati wowote uliweza kuuliza jalada liko kwa nani, na jibu likawa mtu mmoja.

Gmail ilizinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikitoa gigabaiti moja ya nafasi wakati huduma nyingine za bure zilitoa megabaiti chache, hata watu wengi wakadhani ni utani wa Siku ya Wajinga. Kilichoitofautisha zaidi, kwa macho ya mtu wa masjala, ni kwamba ilikusanya barua na majibu yake katika fungu moja, badala ya kuzitawanya kwa tarehe. Fungu hilo ndilo kitu kilicho karibu zaidi na jalada ndani ya programu hii, na ukilitunza linakutunza. Mgeni akiandika leo kuulizia bei, kesho akauliza kuhusu chakula, na baada ya wiki mbili akatuma namba ya ndege, yote hukaa pamoja kwa mfuatano, na anayepokea kazi katikati husoma kuanzia juu bila kumwuliza mtu.

Lakini fungu hufuata kichwa cha habari. Kichwa kikibadilishwa, Gmail hufungua fungu jipya. Vilevile barua zikizidi 100 fungu hukatwa. Hapo ndipo tabia zetu zilipotuumbua. Kijana mmoja wa ofisini alikuwa na mazoea ya kuchukua barua yoyote iliyopo juu, kubofya kitufe cha kujibu, na kuandika jambo jipya kabisa. Kwa hiyo malipo ya dereva yalikuwa ndani ya fungu la mahema, na orodha ya vyakula ndani ya fungu la leseni. Wengine walituma barua zisizo na kichwa kabisa, au zenye kichwa "Habari", kisha ndani wakaanza kwa sentensi ambayo sote tulifundishwa: "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Nilikuwa narejea, nisikute kitu.

Dawa tuliyoitumia haikutoka Google. Tulirudisha ile "YAH:" ya barua za kikazi pamoja na namba ya kumbukumbu. Kila safari hupewa namba tangu siku mgeni anapouliza bei, na kichwa cha barua za ndani huwa na vitu vinne kwa mpangilio usiobadilika: namba ya safari, jambo lenyewe kwa maneno machache, maneno KWA UTEKELEZAJI au KWA TAARIFA, na tarehe ya mwisho ikiwa ni utekelezaji. Mfano ni "S-118, wagumu 14 wa Lemosho, KWA UTEKELEZAJI, 9 Julai". Wagumu, kwa asiyefahamu lugha ya mlimani, ni wapagazi, na Lemosho ni mojawapo ya njia za kupanda Kilimanjaro. Baada ya hapo ndipo utafutaji wa Gmail ulipoanza kutoa thamani yake, kwa kuwa ukiandika S-118 unaletewa safari nzima, na ukiandika maneno KWA UTEKELEZAJI pamoja na jina la mtu unaona anachodaiwa. Kabla ya utaratibu huo, kutafuta neno "Lemosho" katika ofisi inayouza safari za mlimani kulileta barua mia kadhaa, na utafutaji wa haraka wa namna hiyo hauna faida kwa mtu mwenye haraka.

Sehemu ninayotaka kuikalia zaidi ni mstari wa anwani, kwa sababu hapo ndipo fedha ilipotea. Mgeni aliyekuwa ameweka nafasi ya njia ya Machame kwa siku saba alituandikia akitaka kuhamia Lemosho kwa siku nane. Si badiliko dogo: geti la kuingilia ni jingine na liko upande wa magharibi wa mlima, mbali na Moshi, vibali hubadilika, na wagumu huongezewa siku ya malipo na ya chakula. Barua ile ilimfikia mtu wa mauzo, nakala zikaenda kwa meneja, kwa mhasibu na kwa stoo. Mtu wa mauzo alidhani meneja atatoa kibali kwanza. Meneja alidhani mauzo wameshajibu. Mhasibu alisubiri ankara mpya. Stoo walihesabu kwamba wataambiwa. Siku ya sita mgeni aliandika tena, safari hii kwa mistari miwili, akitutakia heri na kutufahamisha kwamba amepata kampuni nyingine. Watu wanne walikuwa wameisoma barua yake ya kwanza siku ileile ilipofika.

Herufi CC zinatokana na nakala za karatasi ya kaboni, ile nyeusi iliyowekwa kati ya karatasi mbili kwenye taipureta, na wakati ule idadi ya nakala ilikuwa na kikomo cha nguvu za vidole: kila nakala ya chini ilififia kuliko ya juu yake. Barua pepe imeondoa kikomo hicho, na kila mtu anapeleka nakala kwa kila mtu ili asije akalaumiwa kwamba hakusema. Gmail haiwezi kukuzuia. Ina mpangilio mmoja tu wa kusaidia, nao ni kuchagua kama kitufe cha kawaida cha kujibu kimjibu aliyeandika peke yake au wote walionakiliwa. Tuliuweka kwa aliyeandika peke yake, na wingi wa barua ukapungua ndani ya wiki ya kwanza. Yaliyobaki tuliyafanya kwa kanuni: mstari wa mpokeaji una jina moja tu, na mwenye jina hilo ndiye mwenye kazi, walio kwenye nakala hawatakiwi kufanya chochote isipokuwa kujua. Ikiwa kazi ni za watu wawili, huandikwa barua mbili. Mhasibu wetu aliona kanuni hii ni ya kitoto, na huenda ni kweli, lakini tangu ianze hajasubiri ankara isiyokuja.

Kwa anwani ya jumla, ile ambayo wageni wasiotujua huandikia, kanuni ya jina moja haiwezekani, kwa sababu mgeni hajui majina yetu. Huko tumetumia huduma ya Makundi ya Google, ambayo kikundi chake kinaweza kugeuzwa kuwa kikasha cha pamoja. Kila barua inayoingia inaweza kupangiwa mtu mmoja, wote wakaona ni nani aliyepangiwa, na akimaliza huiwekea alama kwamba imekamilika. Nilipoliona jambo hili kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini, kwa kuwa lilikuwa dokezo la ofisa lenye jina na lililopelekwa, isipokuwa halikuwa na wino. Nashangaa kwamba kitu muhimu kiasi hiki kimewekwa kwenye ukurasa mwingine kabisa, nje ya Gmail ambayo watu huifungua asubuhi. Mtu anayeishi ndani ya Gmail husahau kuufungua ukurasa huo. Sisi tumelazimika kumpa dada wa mapokezi jukumu la kuufungua mara tatu kwa siku na kuwagawia watu barua, yaani tumemfanya karani wa masjala bila kumwambia.

Sasa niseme juu ya saa, tatizo ambalo waliobuni programu hii hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Mgeni aliandika kwa Kiingereza akiomba achukuliwe hotelini saa yake ya 3 mchana. Mwenzetu aliyeipokea alimwandikia dereva: "Wachukue saa 3." Dereva, ambaye ni mtu mwaminifu, alikuwa mlangoni pa hoteli saa tatu kamili asubuhi. Wageni walikuwa wametoka kutembea sokoni. Akasubiri hadi saa sita, akapangiwa kazi nyingine ya kwenda Moshi, akaondoka. Saa tisa alasiri wageni walisimama na mizigo yao, na simu ikaanza kulia. Hakuna aliyedanganya wala kuzembea katika mkasa huo. Tarakimu ileile ilikuwa na maana mbili zilizoachana kwa saa sita, na barua pepe ikaibeba kimya. Kwa mdomo jambo hili halitokei, kwa sababu mtu anayesema "saa tatu" husikika kama anasema asubuhi au usiku, na asiposikika utamwuliza papo hapo.

Ukichagua Kiswahili kuwa lugha ya kurasa za Gmail, majina ya vitufe hubadilika, lakini saa zinabaki za kimataifa. Silalamiki juu ya hilo, ila linamaanisha kwamba tafsiri ya saa ni kazi ya mtu. Kwa wageni tunaandika tarakimu nne, 15:00, pamoja na tarehe ambayo mwezi wake umeandikwa kwa jina, kwa kuwa 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Kwa madereva na stoo tunaandika zote mbili: "saa tisa alasiri, 15:00". Sehemu ya siku haiachwi kamwe. Inapokuwa miadi ya simu na wakala wa nje, hatuandiki saa kwenye barua hata kidogo, bali tunatuma mwaliko wa kalenda, ambao humwonyesha kila mtu kwa saa za mahali alipo. Hili Gmail inalifanya vizuri sana, na lina maana kubwa kwetu kwa sababu saa za Afrika Mashariki hazibadiliki mwaka mzima ilhali za wenzetu hubadilika: Ujerumani iko nyuma yetu saa mbili wakati wao wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, na Chicago saa tisa kisha nane, tena Marekani na Ulaya hawabadilishi saa zao siku moja. Wakala wetu mmoja tulimkosa kwenye simu mbili mfululizo mwezi Machi kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna maneno pia, na hapa programu haina msaada. Neno "sawa" peke yake kwenye jibu la barua pepe lina angalau maana tatu: nimeisoma, nimekubali, nitaifanya. Anayeuliza huelewa ya tatu, anayejibu amekusudia ya kwanza. "Tutaangalia" ni jibu la heshima la kukataa, ambalo mtu wa nje huliweka kwenye ratiba yake. "Mwisho wa wiki" kwa mhasibu ni Ijumaa kabla ya benki kufungwa, kwa stoo ni Jumamosi jioni. Tumekubaliana kwamba jibu la kazi huwa na kitenzi na tarehe, kwa mfano "Nitapeleka mitungi Alhamisi asubuhi", na ambaye hawezi huandika "Sitaweza" na kutaja sababu. Ilikuwa ngumu. Kwa malezi yetu kumwandikia mkubwa "Sitaweza" kunakwaruza, na kwa miezi miwili ya mwanzo nililazimika kuwapongeza watu kila walipokataa jambo kwa uwazi.

Upande wa pili wa malezi hayohayo ni ukali usiokusudiwa. Msimamizi wa stoo ya Moshi ndiye mkubwa wetu sote kwa umri. Kijana wa ratiba alimwandikia mstari mmoja: "Tuma orodha ya mahema leo." Siku mbili zikapita. Jibu lilipokuja lilisema: "Orodha ipo." Nikampigia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Huyo kijana wako ananituma kama mtoto wa dukani?"

Kijana hakuwa na dharau. Alikuwa na barua arobaini na simu mbili zikilia. Tumetumia violezo vya Gmail kumsaidia, yaani barua zilizoandikwa tayari ambazo mtu huziita na kujaza nafasi. Lazima viwashwe kwanza kwenye mipangilio ya juu, jambo ambalo wengi hawalijui, na hupatikana kwenye kompyuta. Kiolezo chetu cha kwenda stoo huanza kwa "Shikamoo Mzee, habari za Moshi", kikafuata na "Naomba", kisha orodha, kisha tarehe. Mzee anajua ni kiolezo, nimemwambia mwenyewe. Anasema afadhali salamu ya mashine kuliko kukosa salamu.

Kitufe cha kutengua utumaji kinastahili sifa na onyo. Kilianza kama jaribio mwaka 2009 na kikawa sehemu rasmi ya Gmail mwaka 2015. Ukikiacha kilivyo kinakupa sekunde tano, nazo hazitoshi hata kuvuta pumzi. Ingia kwenye mipangilio uziongeze mpaka 30, ambacho ndicho kikomo. Ni lazima ieleweke kwamba programu hairudishi barua iliyokwisha kufika, bali huichelewesha kuondoka kwa muda huo. Sekunde thelathini hukamata jina lililokosewa na kiambatisho kilichosahaulika. Hasira hazizikamati, maana hasira ya barua pepe huisha baada ya chakula cha mchana. Kwa hizo tunatumia upangaji wa muda wa kutuma, uliokuja mwaka 2019: barua yoyote iliyoandikwa kwa moto hupangiwa kuondoka kesho yake saa mbili asubuhi, na mwandishi huiona tena kabla haijaondoka. Kwa hesabu yangu isiyo rasmi, nyingi hufutwa.

Nimeiacha kwa makusudi mpaka sasa sehemu ya kusimamia kazi, kwa sababu ndiyo inayotangazwa sana na ndiyo iliyonigawa moyo. Tuanze na iliyo bora. Gmail ina uwezo wa kuahirisha barua: unaiondoa kikashani na kuitaka irudi siku na saa unayoitaja. Ni B.U. yenyewe, tena isiyotegemea kumbukumbu ya karani. Mfano wake bora kwetu ni malipo ya hifadhi za taifa, yanayolipwa kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya kulipia serikalini, na kontroo namba ina tarehe ya kuisha. Zamani barua yenye namba hiyo ilizama chini ya nyingine thelathini na mhasibu akaikumbuka baada ya muda wake kupita, ikabidi iombwe upya. Sasa akiipokea huiahirisha mpaka asubuhi ya siku mbili kabla ya kuisha, na inamrudia juu kabisa ikiwa na alama yake. Tangu aanze kufanya hivyo hatujaomba namba ya pili kwa uzembe.

P.A. nayo ipo, katika kitufe cha kuweka kwenye kumbukumbu. Watu wetu walikiogopa wakidhani kinafuta. Hakifuti: barua hutoka kikashani, hubaki kwenye orodha ya barua zote, na mgeni akijibu hurudi yenyewe. Nilipomwonyesha meneja jambo hilo alikuwa na barua zaidi ya elfu sita kikashani, zilizosomwa na zisizosomwa zikiwa zimechanganyika kama mchele na chuya. Tuliziondoa zote zilizozidi miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Alikaa akiutazama ukurasa kwa muda, kisha akauliza kama ofisi imefungwa.

Lebo zinaishinda masjala waziwazi, kwa sababu karatasi hukaa katika jalada moja tu, ilhali barua moja inaweza kubeba lebo tatu. Tunazo mbili tu ambazo kila mtu lazima azitumie: KWANGU, kwa barua ninayodaiwa, na NASUBIRI, kwa barua niliyotuma na kudai jibu. Lebo ya pili ndiyo iliyobadilisha kazi. Watu wengi hukumbuka wanachodaiwa. Wachache hukumbuka wanachodai. Gmail yenyewe hujaribu kusaidia kwa kurudisha juu barua iliyokaa siku kadhaa bila jibu na kuuliza kama ungependa kufuatilia, lakini huchagua yenyewe barua za kukumbusha, na siwezi kujenga ratiba ya safari juu ya hisia za mashine.

Sasa upungufu. Unaweza kuigeuza barua kuwa kazi kwenye orodha iliyo pembeni mwa ukurasa, ukaipa tarehe, na kiungo cha kurudi kwenye barua kikabaki. Ni vizuri, lakini orodha hiyo ni ya mwenye akaunti peke yake. Nyota ni zake peke yake, kuahirisha ni kwake peke yake, lebo ni zake peke yake. Kijana wa ratiba alipougua malaria kwa siku nne, kazi zake zote zilikuwa zimepangwa kwa ustadi mahali ambapo hakuna aliyeweza kuziona. Katika masjala, mtu akiugua, majalada yake yako mezani. Tuliishia kutengeneza jedwali la pamoja lenye namba ya safari, kazi, jina moja na tarehe, ambalo kila mmoja hulijaza saa kumi na moja jioni kabla ya kutoka. Linafanya kazi. Lakini ni kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, na ofisi inayonunua Gmail ikidhani imenunua msimamizi wa kazi za kundi itavunjika moyo.

Mengine nitayapita upesi. Viambatisho vina kikomo cha megabaiti 25, na vikizidi hugeuzwa kuwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni. Hakikisha mgeni amepewa ruhusa ya kukifungua, vinginevyo utapokea barua ya "siwezi kufungua" ukiwa umelala. Kutumia Gmail bila intaneti kunawezekana kwenye kivinjari cha Chrome ukikiruhusu kihifadhi barua za siku 7, 30 au 90, na siku ambazo mtandao ulikatika tuliandika kama kawaida, barua zikaondoka uliporudi. Anwani yenye jina la kampuni imewafanya mawakala wa nje watuamini zaidi. Hilo sina kipimo chake, lakini hawatuulizi tena kama sisi ni kampuni ya kweli. Akaunti ya bure yenye gigabaiti 15, zinazogawanywa na picha na mafaili yako, inamtosha mwongozaji anayejitegemea, na vitufe vingi nilivyovitaja humo vimo.

Ningeipa alama saba kati ya kumi, na kati ya hizo mbili ni za kuahirisha peke yake. Ofisi ya watu watatu wanaoonana kila saa haina haja ya kulipia. Wanunue ubao na chaki. Ofisi iliyogawanyika kama yetu, kilomita themanini kati ya meza na stoo, itaona faida, mradi mtu mmoja mwenye mamlaka akae mwezi mzima akirudisha barua zisizo na kichwa kwa walioziandika, bila kuzijibu. Mimi nilikuwa mtu huyo, na kwa mwezi huo sikupendwa.

Tulipolipia upya mwezi uliopita tulichukua akaunti tisa badala ya kumi na mbili. Madereva watatu waliomba waondolewe, kwa hoja kwamba barua pepe huwafikia wakiwa njiani na mtu anayeendesha gari hasomi. Sasa kila jioni wanapewa ratiba ya kesho iliyochapishwa, saa zikiwa zimeandikwa kwa namna zote mbili, na wanaisaini kwenye daftari la dispachi nililolipata kwenye duka la vifaa vya ofisi baada ya kuulizia maduka manne. Muuzaji alilipangusa vumbi kwanza.